Maswali ya Wasomaji: Hadubini Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti: picha haiwi safi. Kabla ya kununua lenzi nyingine, soma kwanza majibu haya. Mara nyingi tatizo liko kwenye mwanga au kwenye slaidi yenyewe (kile kioo kinachobeba kitu unachokitazama), na yote mawili hurekebishwa bila gharama kubwa.

Swali: Wahariri, habari za kazi? Nimenunua hadubini ambayo boksi lake limeandikwa kuwa inakuza mara 2000. Nikifika huko naona ukungu mtupu. Je, ni mbovu?

Si mbovu, ndugu msomaji. Namba ya kwenye boksi ndiyo inayopotosha. Tazama ubavuni mwa lenzi zinazokaribia slaidi. Utakuta namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: 4/0.10, 10/0.25, 40/0.65, 100/1.25. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili, ambayo mafundi huiita NA, inaeleza upana wa pembe ambayo lenzi inaweza kupokea mwanga kutoka kwenye kitu, na hiyo ndiyo inayoamua udogo wa vitu utakavyoweza kuvitofautisha.

Hesabu yake ni fupi. Kwa mwanga wa kijani, gawanya 0.34 kwa NA, utapata jibu kwa mikromita (mikromita 1000 ni milimita 1). Lenzi ya 40/0.65 inatenganisha nukta mbili zilizoachana kwa mikromita 0.52 hivi. Ya 100/1.25, ikiwa na mafuta yake (tone linalowekwa kati ya lenzi na slaidi), inafika 0.27. Nukta zilizokaribiana kuliko hapo zitaonekana kama nukta moja hata ukizikuza namna gani. Ukuzaji wenye faida uko kati ya NA mara 500 na NA mara 1000. Kwa hiyo lenzi ya 40/0.65 inafaa kuanzia mara 325 hadi 650. Ukiitumia na lenzi ya jicho ya 10 unapata 400, na hapo uko salama. Ukiweka lenzi ya jicho ya 25 unapata 1000, yaani picha kubwa zaidi, yenye giza zaidi, isiyo na jambo jipya ndani yake.

Hata lenzi ya 100/1.25 inaishia mara 1250. Hiyo 2000 imepatikana kwa kuweka lenzi ya jicho ya 20. Iondoe, rudisha ya 10, na uanze kila kazi na lenzi ya 4. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa majani, wadudu na maji ya bwawa humalizika kwa lenzi za 4 na 10, na hiyo ya 100 unaweza kukaa muda mrefu bila kuihitaji.

Swali: Kwa lenzi ya 10 kila kitu ni wazi. Nikigeuza ya 40, picha inakuwa kama imepakwa mafuta, na mara nyingine haikubali kulengwa kabisa.

Inawezekana imepakwa mafuta kweli. Lenzi ya 40 ni ya kutumiwa kavu, na hupata mafuta pale mtu anapotoka kwenye lenzi ya 100 na kuirudisha ya 40 juu ya tone lile lile. Itoe, ishike kwenye mwanga, kisha chomoa lenzi ya jicho na uigeuze: ukitazama kupitia upande wake wa chini inakuwa kioo kizuri cha kukuzia. Uso wa mbele wa lenzi unatakiwa kung'aa kama kioo kipya. Ukiona utando, puliza vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kisha tumia kijiti chenye pamba kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Zungusha kutoka katikati kwenda nje, tupa kijiti, chukua kingine, rudia mpaka uso uwe safi. Usitumie nguo uliyovaa, maana vumbi lililomo hukwaruza. Asetoni nayo iache kabisa, kwa sababu inaharibu gundi na plastiki.

Kama lenzi ni safi na picha hailengwi kabisa, angalia slaidi isije ikawa imepinduka. Slaidi ina unene wa milimita 1 hivi, wakati lenzi ya 40 huwa na nafasi ya milimita 0.6 au pungufu. Slaidi ikipinduka, lenzi haiwezi kukifikia kitu, na ukizidi kuishusha utavunja kioo.

Picha inayolengwa lakini haiwi kali ina chanzo kingine, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Tazama tena maandishi kwenye lenzi: 160/0.17, au alama ya nane iliyolala ikifuatiwa na 0.17. Hiyo 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kifuniko cha kioo ambacho lenzi imehesabiwa kukitazama kupitia. Vifuniko vya namba 1.5 vina milimita 0.16 hadi 0.19, na hivyo ndivyo vya kununua. Kifuniko cha plastiki, kukosa kifuniko, au viwili vilivyogandamana (hutokea mara nyingi kwenye pakiti mpya) vyote huharibu picha ya lenzi ya 40, ingawa lenzi ya 4 na ya 10 hazitajali.

Maji yaliyo juu ya kiumbe unachokitazama huharibu picha vivyo hivyo. Tone la kawaida la bomba la kudondoshea ni karibu mililita 0.05. Ukilifunika kwa kifuniko cha milimita 22 kwa 22, unene wa maji ni milimita 0.1, kwa kifuniko cha 18 kwa 18 unafika 0.15, karibu sawa na kioo chenyewe. Weka chini ya nusu ya tone, au gusisha ukingo wa kifuniko kwa kipande cha tishu mpaka kifuniko kiache kuelea.

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama kosa ni la unene. Tafuta chembe ndogo nyeusi, kisha zungusha skurubu ndogo ya kulengea polepole kupita mahali pa ukali, kwenda na kurudi. Kama ukungu unaotokea pande zote mbili unafanana, unene uko sawa. Kama upande mmoja unaleta pete zinazoonekana wazi na mwingine unaleta ukungu laini tu, kifuniko au maji yana unene usiofaa.

Swali: Viumbe wa maji ya bwawa naviona kama vivuli hafifu. Nikifunga kiwambo (kile kilango cha mwanga chini ya slaidi) vinaonekana, lakini kila kitu kinakuwa na mistari myeusi pembeni. Nifanyeje?

Mistari hiyo haipo kwenye kiumbe. Inatokana na mwanga kupita kwenye tundu dogo mno. Ukifunga kiwambo cha kondensa, yaani lenzi ya chini inayokusanya mwanga wa taa kwenye slaidi, unaipunguzia lenzi NA yake, kwa hiyo unapata weusi na weupe mkali na kupoteza chembe ndogo. Kiwambo si swichi ya kupunguza mwanga. Mwanga ukizidi, punguza taa.

Mpangilio sahihi ni ule unaofuata njia ya August Köhler ya mwaka 1893. Lenga slaidi kwa lenzi ya 10. Kama hadubini ina kiwambo cha pili juu ya taa, kifunge, kisha pandisha au shusha kondensa mpaka ukingo wa kiwambo hicho uonekane mkali ndani ya picha. Usogeze katikati kwa skurubu za kondensa, halafu ufungue mpaka utoke tu nje ya picha. Kama hakuna kiwambo hicho, weka ncha ya penseli juu ya kioo cha taa na usogeze kondensa mpaka ncha ionekane kali. Ondoa penseli, na kama umbo la taa linaonekana, shusha kondensa kidogo mpaka lipotee. Sasa chomoa lenzi ya jicho na uchungulie ndani ya mrija. Utaona duara la mwanga. Funga kiwambo cha kondensa mpaka duara libaki robo tatu ya upana wake. Rudisha lenzi ya jicho. Kila ukibadilisha lenzi, rudia hatua hii ya mwisho. Inachukua sekunde chache na hakuna kitu kingine kinachoboresha picha kwa urahisi hivi.

Kwa viumbe vinavyopitisha mwanga mno, tengeneza mandhari nyeusi. Hapa kiumbe hung'aa juu ya weusi, na hata nywele zake za kuogelea huonekana. Utahitaji karatasi ngumu nyeusi na plastiki angavu. Lenga kwa lenzi ya 10, chomoa lenzi ya jicho, na funga kiwambo cha kondensa mpaka ukingo wake uanze tu kuchungulia kwenye ukingo wa duara la mwanga. Pima upana wa tundu la kiwambo kutokea chini. Kata kiduara cheusi kinachozidi tundu hilo kwa milimita 1 hadi 2, kibandike katikati kabisa ya plastiki iliyokatwa kutosha kwenye kishikio cha kichujio chini ya kondensa, kisha fungua kiwambo chote na uwashe taa hadi mwisho. Pandisha kondensa karibu na slaidi na uishushe polepole mpaka weusi uenee sawasawa.

Mandhari ikibaki ya kijivu, kiduara ni kidogo, kimekaa upande, au kioo ni kichafu, kwa kuwa katika mwanga huu kila chembe ya vumbi inawaka. Osha slaidi kwa sabuni ya maji, isuuze, na uifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kila lenzi ina kiduara chake. Lenzi za 4, 10 na 20 zinafanya kazi vizuri. Ya 40 ni ngumu. Ya 100/1.25 haiwezekani kwa njia hii, maana bila mafuta mwanga wa kondensa hauwezi kuvuka NA ya 1.

Swali: Paramesia wangu (viumbe wadogo wa maji ya bwawa) wanakimbia kabla sijawatazama. Kuna dawa ya kuwatuliza?

Jaribu kwanza nyuzi chache za pamba, zilizovutwa mpaka zikaachana, zikiwekwa ndani ya tone kabla ya kifuniko. Wananaswa kwenye vyumba vidogo bila kudhurika. Kama bado ni wepesi, vuta maji kwa tishu kidogo kidogo. Ukizidisha, kifuniko kinawabana na wanapasuka.

Wanaotaka suluhisho zito watumie selulosi ya methili, unga unaofanya maji kuwa ute mzito. Chukua gramu 3 za unga, uzimwage kwenye mililita 50 za maji ya nyuzijoto 80 huku ukikoroga, ongeza mililita 50 za maji baridi, kisha weka kwenye friji usiku kucha. Watu hushindwa kwa sababu wanatia unga kwenye maji baridi moja kwa moja: unafanya mabonge. Unga huu hutawanyika kwenye maji ya moto na huyeyuka yanapopoa. Chora pete ya ute huo kwenye slaidi, weka tone la maji ya bwawa katikati, funika. Ukipaka vaselini nyembamba kwenye kingo za kifuniko, slaidi haitakauka haraka.

Swali: Napiga picha kwa simu, lakini napata duara dogo lenye giza pembeni, na video ina mistari inayotembea.

Giza linatokana na umbali. Shika karatasi nyeupe juu ya lenzi ya jicho na uipandishe polepole: utaona kiduara cha mwanga kikipungua mpaka kiwe kidogo na kikali, kisha kipanuke tena. Hapo kinapokuwa kidogo kabisa ndipo kioo cha kamera kinapotakiwa kukaa. Kwa ukuzaji wa mara 400 kiduara hicho kina upana wa milimita 0.8 tu, kwa hiyo mkono hautoshi. Nunua au tengeneza kishikio. Tumia kamera kuu ya simu, si ile ya pembe pana, na uweke kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Mistari ni ya taa. Taa nyingi za LED hupunguzwa kwa kuzimwa na kuwashwa haraka sana. Iwashe hadi mwisho, kisha punguza mwanga kwa kuweka kichujio cha kijivu juu yake. Na kama picha ina madoa yasiyosogea, zungusha lenzi ya jicho: yakizunguka nayo, vumbi liko huko.

Swali: Nimeona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi.

Ni ukungu wa kuvu. Ukiwa nje, safisha kama tulivyoeleza juu. Ukiwa ndani, mpelekee fundi mapema, kwa sababu ukikaa muda mrefu unakula utando wa kioo na alama hazitoki tena. Usifungue lenzi mwenyewe. Umbali kati ya vioo vyake umepangwa kwa usahihi mkubwa. Hifadhi zilizobaki kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na jeli ya silika, inayonyonya unyevu. Mfuko wa plastiki peke yake unafungia unyevu ndani.

Swali: Nawezaje kupima ukubwa wa ninachokiona?

Unahitaji lenzi ya jicho yenye rula ndani, na slaidi ya kupimia yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, ambapo kila sehemu ni mikromita 10. Linganisha sifuri za rula zote mbili, kisha tafuta mbali zaidi mahali mistari inapokutana tena. Tuseme kwa lenzi ya 40 sehemu 80 za rula ya jicho zinalingana na sehemu 20 za slaidi, yaani mikromita 200. Gawanya 200 kwa 80: kila sehemu ni mikromita 2.5. Fanya hivyo kwa kila lenzi na uandike majibu kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye shina la hadubini. Ukibadilisha lenzi ya jicho, au ukirefusha mrija, pima upya.