Datsun 240Z inapopoteza mafuta ya breki bila tone kuonekana

Breki ikivuja sana haihitaji upelelezi. Pedali inazama, sakafu inalowa, gari linaegeshwa. Kinachosumbua ni kuvuja kidogo kidogo: kila baada ya wiki mbili tatu mafuta kwenye chupa ya breki yameshuka upana wa kidole, na ukichungulia uvunguni pamekauka. Kwa Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, kulitafuta tundu si kazi ngumu. Mfumo wenyewe unaonyesha pa kuangalia, mradi usianze kwa kununua raba za masta, pampu inayosukumwa na pedali, kwa kubahatisha.

Anza na chupa. Juu ya masta silinda kuna chupa mbili za plastiki, moja inalisha breki za mbele na nyingine za nyuma, na pembeni yake iko ya tatu, ya klachi. Ipi inashuka? Usikubali kuambiwa ipi ni ya mbele. Shika paipu kwenye masta uifuate kwa mkono mpaka iendako, maana magari mengi ya umri huu yameshawekewa masta ya gari jingine. Bandika tepu ya karatasi kwenye kila chupa, gari likiwa mahali tambarare, chora mstari kwa kalamu na uandike tarehe. Liache siku tatu bila kugusa pedali, usome. Kisha litumie siku tatu, usome tena. Yakishuka gari likiwa limelala, shuku chupa yenyewe, raba iliyo chini yake au silinda za magurudumu ya nyuma. Yakishuka wakati wa kutumika tu, kitu kinavuja kwa presha.

Ila usisahau pedi. Zinavyolika, pistoni za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski za mbele, zinasogea nje na mafuta yanaingia kujaza nafasi, kwa hiyo chupa ya mbele kushuka taratibu kwa miezi ni jambo la kawaida. Pima unene wa pedi kabla ya kusema kuna kuvuja. Anayejaza chupa mpaka juu huku pedi zimekwisha atakuja kuona mafuta yakifurika siku pistoni zinarudishwa ndani, na mafuta hayo yanababua rangi ya bodi. Yakimwagika, usiyafute na tambara kavu. Mwagia maji mengi papo hapo.

Hakikisha pia unachokiona ni mafuta ya breki. Dondosha kidogo kwenye glasi ya maji: ya breki ya kawaida, ya daraja la DOT 3 au DOT 4, yanachanganyika na maji; oili ya injini na ya difu inaelea. Kwenye 240Z kuna jambo zuri zaidi. Difu imefungwa kwenye bodi na nguvu inakwenda magurudumuni kwa shafti mbili, siyo kama gari lenye eksoli nzima ambapo oili ya difu inapita kwenye sili na kuingia ndani ya dramu, ngoma ya breki ya nyuma. Kwa hiyo unyevu ndani ya dramu ya 240Z ni ama grisi ya beringi ama mafuta ya breki. Fundi akikwambia ni oili ya difu, mwombe aonyeshe imepita wapi.

Sasa safisha. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanatafuta tundu jipya katikati ya matope ya miaka kumi. Osha maungio yote kwa maji na sabuni, malizia kwa dawa ya kusafishia breki, acha yakauke kabisa. Petroli na dizeli weka mbali: raba ya breki ikiguswa na mafuta ya petroli inavimba na kulegea, na uvujaji uliokuwa mmoja unakuwa minne. Kila nati ya paipu ifunge karatasi nyeupe ya tishu na uzi, na sehemu pana kama sahani ya nyuma ya dramu ipake poda ya mtoto. Washa injini ili busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya pedali kwa vakyumu ya injini, ifanye kazi, mtu akanyage pedali kwa nguvu ya kawaida na kuishikilia dakika tano. Kama uko peke yako, tegesha ubao kati ya siti na pedali. Karatasi italowa kabla tone halijaonekana.

Pedali ikizama polepole katika dakika hizo huku karatasi zote zikiwa kavu, mafuta hayatoki nje. Yanapita kando ya raba ndani ya masta. Masta hiyo haifai hata kama chupa haishuki.

Karatasi zikiwa kavu, pedali imesimama imara, na bado chupa inashuka, nenda kwenye busta. Hapa ndipo 240Z inapowachanganya watu wengi. Masta ya breki haikufungwa kwenye ukuta wa injini. Imefungwa kwenye uso wa busta. Raba ya nyuma ya masta ikichoka, mafuta hayaji miguuni mwa dereva, yanaingia ndani ya busta na kukaa humo, au yanavutwa na vakyumu mpaka kwenye injini na kuungua. Dalili yake ni moshi mweupe asubuhi ambao watu wanaulaumu kwa gasketi ya silinda hedi. Legeza nati mbili zinazoshika masta, isogeze mbele kidogo bila kufungua paipu, ingiza kijiti chenye kitambaa cheupe. Kikilowa, jibu limepatikana. Rangi iliyobabuka uso wa busta chini ya masta ni ushahidi huohuo, tena wa siku nyingi. Mafuta yaliyo ndani yanyonywe kwa bomba la sindano na mpira mwembamba, kwa sababu kiwambo cha busta ni cha mpira na hakikutengenezwa kukaa kwenye kimiminika hicho.

Masta ya klachi, kinyume chake, imefungwa moja kwa moja kwenye ukuta. Ikivuja, mafuta yanashuka na fimbo ya pedali mpaka kwenye kapeti. Kwa hiyo kapeti iliyolowa kwenye gari hili inaelekeza kwenye klachi kwanza. Watu wamebadilisha masta ya breki kwa sababu ya kapeti iliyolowa, na kapeti ikaendelea kulowa.

Nyuma, fungua dramu. Ni za alumini zenye ringi ya chuma ndani, kwa hiyo nyundo iache. Ikigoma, tumia matundu mawili yenye thredi yaliyo kwenye uso wa dramu: ingiza bolti za M8 (unene wa milimita 8), kaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, itatoka yenyewe. Inua mdomo wa kofia ya vumbi ya silinda kwa bisibisi butu. Unyevu mwembamba kama pumzi kwenye kioo unakubalika. Yakidondoka hata tone moja, silinda imekwisha. Angalia pia upande wa pili wa gari, kwa kuwa silinda mbili za umri mmoja huchoka pamoja, na breki ya nyuma inayoshika upande mmoja inavuta gari. Shuu zilizolowa, zile zinazobana dramu kwa ndani, zitupe. Kuzichoma moto au kuzisugua kwa petroli hakusaidii, mafuta yameshaingia ndani na yatatoka tena zikipata joto.

Mbele, toa tairi na uangalie upande wa ndani wa rimu. Michirizi ya unyevu kutoka katikati kwenda nje maana yake ni kalipa, kwani mzunguko wa tairi ndio unaoyatawanya. Toa pedi, tazama mzunguko wa pistoni. Kutu yenye vishimo kwenye kromu ya pistoni inakata raba kila unapokanyaga, kwa hiyo raba mpya juu ya pistoni hiyo ni hasara. Bolti zinazounganisha nusu mbili za kalipa usizifungue. Pistoni zinatoka bila kufanya hivyo. Kabla ya kulaumu kalipa, ng'oa kikofia cha raba cha nipeli ya kutolea upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta. Kikiwa kimejaa mafuta, huenda ni uchafu tu kwenye kikalio cha nipeli. Ifungue, isafishe, ikaze kiasi, isizidi Nm 9 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), maana inakatika kirahisi.

Mipira ya breki, yaani paipu laini zinazofikisha mafuta magurudumuni, ni minne, kila gurudumu lina wake, kwa sababu nyuma nako kila upande unajitegemea. Kunja kila mmoja kwa mkono: ukionyesha nyufa, badilisha yote minne. Angalia hasa pale chuma kinapobana mpira na chini ya klipu ya bracketi, mahali ambapo vumbi linanata na kuwa jeusi. Paipu za chuma hutoboka chini ya vishikizo vyake, kwani matope hukaa hapo na, kwa magari ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumvi pia. Fungua vishikizo. Kutu iliyovimba kama upele ikwangue kwa kucha. Ikilowa, paipu nzima inabadilishwa, haiungwi katikati. Na kama gari lako bado lina swichi ya taa ya onyo kwenye njia ya paipu, chomoa plagi yake ya umeme. Mafuta ndani ya plagi yanaonyesha raba za swichi zimekufa.

Paipu mpya zina mtego mmoja ambao hata mafundi wazuri unawanasa. Nati za Datsun ni M10 yenye hatua ya thredi ya milimita 1, na mdomo wa paipu umekunjwa mara mbili kwa pembe ya nyuzi 45. Magari mengi ya Ulaya yana nati ya M10 hiyohiyo, ila mdomo wao ni wa duara kama kitunguu. Paipu ya Ulaya itaingia, itakaza vizuri, na itatoa jasho daima. Hakuna kukaza kutakakoiponya. Kawaida ni Nm 15 mpaka 18. Ukizidisha unapasua mdomo. Tepu nyeupe ya mabomba nayo haina kazi hapa, kwani kinachozuia mafuta ni mdomo wa paipu, si thredi, na vipande vya tepu vinaweza kuziba tundu dogo ndani ya masta. Tumia spana ya paipu iliyokatwa mdomo, ile inayoshika pande tano, ili usiharibu pembe za nati.

Je, unanunua raba peke yake au silinda nzima? Ndani ya silinda iliyosafishwa pitisha ukucha. Ukikwama popote, nunua silinda. Kusugua kwa msasa ni kuahirisha tatizo kwa miezi michache na kupanua tundu. Kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, nenda na silinda ya zamani mkononi, na soma ukubwa wake, kwani mara nyingi umeandikwa kwenye mwili. Jina la gari pekee halitoshi. Raba zipakwe mafuta safi ya breki wakati wa kuzivalisha, si grisi ya beringi.

Wakati wa kutoa upepo, weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta ya zamani ina kutu kwenye sehemu ambayo raba haijawahi kufika, na pigo moja la mpaka chini linaichana. Masta mpya itolee upepo kwanza kwenye jiliwa, kisha anza na gurudumu lililo mbali zaidi, ambalo kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Lita moja ya DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo inatosha na kubaki. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 mpya ni nyuzi 230 za Selsiasi, na yakishavuta maji ni 155, hivyo yabadilishe kila miaka miwili hata kama gari halitembei. DOT 5 ya silikoni haichanganyiki na mafuta mengine wala na maji, na maji yanayoingia yanatulia chini ya kalipa na kuanza kutu upya. Kwa gari linalokaa pwani, bora DOT 4.

Karatasi za tishu ziache zimefungwa kwa kilomita 50 za kwanza, isipokuwa zilizo karibu na diski au ekzosi, na kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa barabara ikiwa tupu. Ukirudi, zifungue moja moja, kisha bandika tepu mpya kwenye chupa na uandike tarehe.