Ukitaka kutengeneza bunduki za mfano za vita vya Tanga, anza na rula

Kijana mmoja wa Muheza, fundi seremala, amenitumia ujumbe baada ya kuona picha za bunduki nilizokabidhi mwezi jana. Anauliza natumia mbao gani na yeye anunue mashine gani. Nilimjibu kwa simu, lakini maswali hayo naulizwa na wengi, na karibu wote wanaanzia kwenye mashine. Leo nayajibu kwa kituo.

Kwanza ijulikane ninachotengeneza. Bunduki zangu hazipigi. Mtutu ni chuma kizima kisicho na tundu, isipokuwa kishimo kifupi mdomoni ili mtazamaji aone kama mtutu. Hakuna chemba ya risasi wala pini ya kugonga. Ni vitu vya maonyesho, vya michezo ya jukwaani na vya filamu. Anayetaka zaidi ya hapo asinitafute.

Mimi ni mtu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nimekua nikisikia habari za vita vya nyuki: Waingereza walivyokuja na meli kutoka India Novemba 1914, askari wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, wakashuka upande wa Raskazone, na wakashindwa na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, lililokuwa na watu wapatao 1,000 tu. Tarehe 4 ndiyo siku ya mapambano makubwa, na siku hiyo nyuki waliwatimua watu msituni na mashambani. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa. Kila mtoto wa Tanga anaijua hadithi ya nyuki. Wachache wanajua babu zetu askari walishika bunduki gani siku ile, na kazi yangu inaanzia hapo.

Mteja akisema "Mauser ya Mjerumani," kichwani ana modeli ya 1898, ile ya kwenye filamu, yenye risasi tano. Lakini kombania nyingi za askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa bado na Mauser ya 1871, kongwe ile, inayoingizwa risasi moja moja ya milimita 11 na kutumia baruti nyeusi. Ukifyatua, linatoka wingu jeupe la moshi na adui anajua ulipo. Fikiria kijana wa miaka ishirini amelala kwenye tuta la reli, kila risasi anayopiga inamtangaza, na bado hakukimbia. Ukimpa bunduki ya 1898 mwigizaji anayemwigiza kijana huyo, umemnyang'anya ushujaa wake. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenigharimu.

Kuna mtayarishaji wa filamu aliyeniagiza bunduki za askari. Nilimweleza haya yote, nikamwonyesha picha za zamani, akakubali. Nikamtengenezea Mauser za 1871 za aina fupi, Jägerbüchse, zenye urefu wa karibu sentimita 124, wakati ile ndefu ya askari wa miguu ina sentimita 134 na ushei. Nilipompelekea, akazitazama na kusema hazifanani na za sinema, ni nzito, na watazamaji hawatazielewa. Nusu ya malipo sijaiona mpaka leo. Mbele ya vijana wangu aliziita midoli. Bunduki halisi ya askari wa miguu ya mwaka 1871 ina uzito wa kilo nne na nusu. Mwigizaji akibeba fimbo ya kilo moja, mabega yake yanasema uongo tangu hatua ya kwanza. Sikubadilisha kitu, na sitabadilisha.

Haya, kwenye kupima. Usitengeneze kwa picha. Tafuta bunduki halisi iliyohifadhiwa, omba ruhusa, nenda na venia (kile kipimo cha kubana cha kupimia unene), rula ya chuma na daftari. Mimi niliruhusiwa kupima kwenye kabati la makumbusho moja, nikapima unene wa kitako kila baada ya sentimita mbili, tena juu, chini na pembeni. Na ukipata bunduki ya pili ya aina ileile, ipime nayo. Bunduki moja inakupa vipimo vya bunduki moja tu. Enfield ya 1853, bunduki ya Waingereza, ni ushahidi mzuri: zile zilizotengenezwa kwa mashine kwenye kiwanda cha serikali kule Enfield ziliweza kubadilishana vipuri, lakini zilizotoka kwa mafundi wa mkono wa Birmingham na London hazikuweza. Ukipima ya fundi wa mkono ukadhani ndiyo kanuni, utarithi tupa ya mtu aliyekufa zamani. Ndiyo maana kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham, ilipoamua kutengeneza upya Enfield hiyo, ilirudi kwenye geji za asili zilizokuwa zikitumika kukagua bunduki zenyewe. Sisi geji hizo hatuna. Tuna subira ya kupima zaidi ya bunduki moja.

Enfield yenyewe nimeitengeneza kwa mteja wa Bagamoyo aliyetaka bunduki ya kushindilia, ya zama za misafara. Kitako chake kina bamba la shaba njano, na kilinzi cha kifyatulio ni shaba pia. Hapa wengi wanapotea. Wanachukua kipande cha asili, wanakitia kwenye mchanga, wanamimina shaba, halafu wanashangaa kipande kipya hakiingii kwenye mti. Shaba njano ikipoa husinyaa, karibu milimita moja na nusu kwa kila sentimita 10. Kwenye bamba dogo unaweza usione. Kwenye kilinzi kirefu, matundu ya skrubu yanahama kabisa. Fundi msubu, yaani wa kumimina shaba, aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa akichonga kielelezo cha mti kikubwa kuliko kipande chenyewe, na rula yake ilichorwa maalumu, sentimita zake zikiwa ndefu kidogo kuliko za dukani. Niliirithi rula hiyo. Hakuna mashine utakayoninunulia inayoshinda rula ile.

Mbao. Wazungu walitumia mti wa jozi, ambao huku hatuna. Mimi natumia mninga, na nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisitumie mtiki, maana uko jirani, shamba la Longuza liko hapo Muheza. Mtiki ni mti mzuri sana wa milango na mashua, lakini una mafuta yake ndani, na rangi yake haikubali kuwa ya kahawia iliyokolea kama jozi la zamani. Mninga unatulia. Ukishakauka haupindi ovyo, na ukipakwa mafuta ya kitani kidogo kidogo unachukua rangi ya heshima. Lakini ukauke! Ubao wa unene wa inchi mbili uliopangwa kivulini kwenye hewa unataka kama miaka miwili. Hewa ya Tanga ina maji, na ubao mbichi uliochongwa leo utakuachia mwanya kati ya mti na chuma kabla mwaka haujaisha. Kijana wangu wa Muheza, kabla ya kununua mashine yoyote, nunua mbao uzipange na uandike tarehe kwenye kila ubao.

Chuma je? Kwa kazi hii hewa yetu ya chumvi ni adui, ila kuna hatua moja inapotusaidia. Ile rangi nyeusi yenye ubuluu ya bunduki za zamani inapatikana kwa kutu yenyewe: unakiacha chuma kishike kutu laini, unakichemsha kwenye maji safi ile nyekundu igeuke nyeusi, unasugua kwa brashi laini ya waya, unarudia mpaka ikolee. Huku kutu haichelewi. Ukimaliza, paka mafuta siku hiyohiyo, wala usishike kwa mkono mtupu.

Sasa nasema na vijana wote, si wa Muheza peke yake. Acheni haraka. Nimeona watu wanachukua bunduki ya mfano, wanaimwagia asidi, wanaizika, wanaifukua na kumuuzia mtalii kama mali ya 1914. Huo ni wizi, na ni kuwaibia marehemu. Kila bunduki yangu ina neno MFANO lililogongwa kwenye chuma chini ya kitako na mwaka niliotengeneza, mahali ambapo tupa haiwezi kulifuta bila kuacha alama. Wapo wateja walioondoka kwa sababu ya neno hilo. Waende. Aliyelala kwenye tuta la reli mwaka 1914 hakuwa mtu wa kuigiza, na sisi tunaobeba kumbukumbu yake hatuna ruhusa ya kudanganya hata kwa skrubu moja.

Kuhusu serikali: nchini kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usisubiri mtu akuone umebeba mtutu barabarani ndipo ujieleze. Nenda kituo cha polisi kabla ya kuchonga kitu, na michoro, na kipande cha mtutu mzima, waone wenyewe hakina tundu. Omba wakuandikie kwa maandishi. Ukisafirisha, funga kwenye sanduku, barua iwe juu.

Na pesa: chukua kwanza inayotosha mbao, shaba na chuma chote, kwa mkataba ulioandikwa modeli, urefu na uzito, picha ikiwa imebandikwa na mteja ametia sahihi juu yake. Mbao za kijana wangu zikikauka, aje Ngamiani na daftari lake, rula ya msubu nitamwazima achore yake.