Baiskeli ya kazini nayo ina haki ya kupendeza

Kuna watu wanaoamini kwamba mbwembwe ni za baiskeli ya mwisho wa wiki, ile nyepesi ya mbio, na kwamba inayokupeleka kazini kila asubuhi inatosha iwe na breki na upepo kwenye matairi. Mimi nabisha. Baiskeli ya kila siku ndiyo inayoonwa na watu wengi zaidi, ndiyo inayopigwa mvua na vumbi, na ndiyo inayosahaulika upesi. Nimekwenda kazini kwa baiskeli miaka mingi, na jambo moja nimeliona tena na tena: baiskeli ambayo mwenyewe anairingia hutunzwa. Anayetaka kuipiga picha huifuta kwanza, na anayeifuta ndiye anayegundua spoku iliyolegea, ufa kwenye tairi, au waya wa breki ulioanza kuchanua nyuzi. Kwa hiyo nikiona baiskeli imeegeshwa na kengele ya shaba inayong'aa, sidhani mwenyewe ni mtu wa kujishaua. Nadhani breki zake zinashika.

Ushauri wangu wa kwanza utawaudhi wenye hamu: usinunue kitu bado. Ipande kama ilivyo kwa majuma kadhaa, kwenye njia yako ileile, saa zako zilezile, na mzigo wako uleule. Mwili utasema wenyewe. Viganja vikifa ganzi, tazama usukani, au siti iliyoinamia mbele. Magoti yakiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Kipimo cha haraka ninachokitumia ni kukaa kwenye siti na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Unapopandisha siti, tazama alama iliyochongwa kwenye bomba lake. Alama hiyo ikishatokeza juu ya fremu umezidisha, na bomba linaweza kuvunjika au kuipasua fremu.

Baada ya hapo anza na sehemu tatu zinazogusana na mwili: siti, mipira ya usukani, pedeli. Ndizo utakazozihisi kila siku, na ndizo zinazobadilisha sura ya baiskeli bila kuigusa fremu. Siti ya ngozi na mipira ya rangi hiyohiyo ya ngozi ni mtindo wa zamani ambao haujachosha macho. Kampuni ya Brooks ya Uingereza inauza siti yake ya B17 tangu miaka ya 1890 na watu bado wanaipigia picha. Ila ngozi ina masharti yake. Inataka nta, inataka kufunikwa mvua ikinyesha, na inataka subira mpaka ifuate umbo la mwili wako. Kama huna pa kuegesha palipo pakavu, chukua siti ya kawaida na roho yako itulie. Kwenye pedeli, kumbuka kwamba ya kushoto ina uzi wa kinyume: inafunguka ukizungusha spana upande ule ambao kwa kawaida tunakazia. Asiyejua hilo huikaza kwa nguvu zote akidhani anaifungua, na mara nyingine uzi wa krenki, ule mkono unaobeba pedeli, huishia hapo.

Halafu matairi. Tairi lenye ubavu wa kahawia au rangi ya maziwa linaipa baiskeli ya kawaida hadhi ambayo rangi mpya ya fremu haiwezi kuipa. Lakini soma namba kabla ya kulipia. Maneno "inchi 28" na "inchi 26" yanapotosha watu kila siku: ziko tairi za inchi 28 zinazokalia rimu ya milimita 622 na nyingine ya 635, na za inchi 26 ziko za 559 na za 590, wala haziingiliani. Tafuta ile namba ndogo iliyochapwa ubavuni, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, zote kwa milimita. Namba ya pili lazima ilingane na ya rimu yako. Ile ya kwanza unaweza kucheza nayo, na ushauri wangu ni kwenda kwenye upana mkubwa kadiri fremu inavyoruhusu huku ukibakiza nafasi ya madigadi. Tairi pana, lililojazwa upepo wa wastani, hupita kwenye mashimo bila kukutikisa meno, na linajaza fremu vizuri likitazamwa kwa ubavu.

Sasa madigadi. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo baiskeli ya kawaida inapogeuka kuwa ya kutazamwa mara mbili.

Kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye baiskeli ya mtu mwingine ni pengo kati ya tairi na madigadi. Likiwa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, duara likifuata duara bila kupanda wala kushuka, baiskeli nzima inaonekana imetulia, hata kama fremu ni ya zamani na rangi imechubuka. Likiwa na upana huku na wembamba kule, hata baiskeli ya gharama inaonekana imefungwa kwa haraka. Kulipata pengo hilo ni kazi ya jioni nzima, na mimi naipenda kuliko zote. Chagua madigadi yaliyozidi upana wa tairi kwa milimita 8 hivi. Kwa tairi la 37, ya 45 yanatosha. Yafunge kwa kulegeza kwanza kila mahali. Kisha zungusha gurudumu taratibu huku umepitisha kidole cha shahada kati ya tairi na madigadi, na kila kidole kinapobanwa au kinapopwaya, simama urekebishe. Pale ambapo madigadi yanavutwa juu mno na fremu, weka kipande cha raba au ngozi katikati yashuke. Usiyavute kwa bolti ili yakubali. Chuma au plastiki iliyokazwa huku imepinda hupasuka kwenye tundu la bolti baada ya muda, kwa sababu ya mtikisiko wa barabara. Madigadi yakae mahali pake yenyewe kwanza, ndipo ukaze. Vile vyuma vyembamba vinavyoyashikilia, kata ncha zilizozidi, zipige tupa, zifunike. Ncha isiyofunikwa itachana suruali ya mtu, na inaharibu sura.

Na chini ya madigadi ya mbele ongeza ulimi wa raba au ngozi, ushuke hadi ubaki umbali wa sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Maji machafu yanayolowesha viatu na kuujaza mnyororo mchanga hurushwa na tairi la mbele. Ulimi huo unayazuia, na ukiukata kwenye ngozi ya rangi ya siti yako, watu watauliza umeutoa wapi. Tahadhari moja: kijiti kikinasa kati ya tairi la mbele na madigadi, gurudumu linaweza kufunga ghafla na kukurusha mbele. Madigadi mengi mazuri huja na kishikizo kinachochomoka chenyewe likitokea hilo. Kama yapo yenye kishikizo hicho, chukua hayo.

Kuhusu rangi ya fremu, mimi ni mgumu kushawishika. Fremu iliyopauka kwa kutumika ina uzuri wake, na mikwaruzo si aibu. Ikiwa kutu imeanza kula chuma, hapo paka. Ukipeleka kwa wanaopaka rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, joto lake hufika karibu nyuzi 200, kwa hiyo kila kitu cha plastiki, gololi na grisi vitoke kabla. Ukipaka mwenyewe, siri yote iko kwenye kusugua kwa msasa, rangi ya msingi, na matabaka membamba mengi badala ya moja zito. Ziba nyuzi zote za bolti. Na usipake rangi pale ambapo raba za breki zinakamatia rimu, hata kama magurudumu ya rangi yanakuvutia namna gani. Katika mpangilio wa rangi, kanuni yangu ni rangi ya fremu na nyingine moja tu, kisha hiyo ya pili ijirudie sehemu tatu: mathalani siti, mipira ya usukani na mabegi. Ukiweka rangi tano hakuna inayoonekana.

Taa na viakisi mwanga ndivyo vinavyosahauliwa na wapenda urembo, wakati vina urembo wake. Napendekeza dainamo ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele. Zile za kawaida hutoa volti 6 na wati 3, na kwa taa za LED za leo huo ni mwanga wa kutosha kabisa. Hakuna cha kuchaji, hakuna betri ya kusahau nyumbani, na waya ukipitishwa kwa utulivu kando ya uma wa mbele, ile miguu miwili ya fremu inayoshika gurudumu, unaonekana umezaliwa na baiskeli. Chagua taa yenye mwanga uliokatwa kwa juu, unaomulika barabara na si macho ya anayekuja mbele yako. Ujerumani imeliweka hilo kwenye sheria zake za barabarani, na taa zilizotengenezwa kufuata sheria hizo ni nzuri popote. Kwa wale wasiopenda viakisi vya plastiki, kuna utepe mweusi unaoakisi: mchana juu ya fremu nyeusi hauonekani kabisa, usiku taa za gari zikiupiga unawaka mweupe. Ukate vipande vyembamba, uvibandike ndani ya uma, kwenye madigadi na kwenye mikono ya krenki. Hapo kwenye krenki usipaache, kwa sababu kitu kinachozunguka juu chini humwambia dereva mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayepiga pedeli.

Kikapu cha mbele kinapendeza, na nakikubali kwa mzigo mdogo. Kikifungwa kwenye usukani, kila kilo unayoiweka inageuka pamoja na gurudumu, na baiskeli inaanza kukuvuta pembeni unapoisukuma. Mzigo wa kweli uwe nyuma, kwenye keria iliyofungwa kwa bolti, chini na pande zote mbili.

Shanga za spoku, riboni, stika, jina la baiskeli lililoandikwa kwa brashi, maua ya plastiki kwenye kikapu: weka vyote unavyovipenda. Vina faida moja ambayo wengi hawaifikirii. Maegesho ya stesheni ya Utrecht, Uholanzi, yana nafasi za baiskeli zipatazo 12,500. Ukiwa mahali kama hapo na baiskeli yako ni nyeusi kama elfu nyingine, shada la maua ya manjano ndilo litakaloirudisha mikononi mwako. Nisichokikubali ni pambo linalopunguza kitu. Kung'oa breki ili usukani uonekane safi, kufupisha usukani hadi mikono igongane na magoti, kushusha siti kwa ajili ya picha na kuiacha hivyo, hayo yananisikitisha kwa sababu anayeyalipia ni mpandaji mwenyewe, kila siku.

Ikikamilika, ionyeshe. Picha ipigwe upande wa mnyororo, baiskeli ikiwa imesimama wima, mkono wa krenki ukielekea mbele na kulala sawa na ardhi, vali za magurudumu zote mbili zikiwa chini. Nyuma yake pawe na ukuta mtupu. Tawi au mlingoti ukitokeza juu ya siti, jicho linakwenda huko. Ukiwa na mwanga wa asubuhi au wa jioni, hutahitaji kingine. Lakini ninachokiomba zaidi kwa wanaoonyesha baiskeli zao ni maelezo. Tuambie upana wa tairi, idadi ya meno ya gia ya mbele na ya nyuma, madigadi yana upana gani na uliyafungaje pale yalipogoma, njia yako ina vilima au tambarare. Onyesha na upande uliochubuka. Mengi ninayoyajua kuhusu madigadi nimeyapata kwa kukuza picha za watu nisiowajua na kutazama walivyopitisha bolti zao.

Usionyeshe unapoegesha, wala kufuli lako linavyofungwa. Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa chini, karibu na ekseli ya krenki, ipige picha na uitunze kwako tu, pamoja na picha ya kila kitu ulichobadilisha. Ikiibiwa, hiyo ndiyo njia ya kuthibitisha ni yako. Na kama siti na magurudumu yako yanafunguka kwa kifyatuo cha mkono, badilisha uweke bolti zinazohitaji spana. Wezi wa vipande hupenda kisichowachelewesha.

Jambo la mwisho ni la bolti. Kila kitu kipya hujikalisha: keria, madigadi, usukani, mkono wa krenki. Baada ya wiki ya kwanza ya kwenda na kurudi, chukua spana uzipitie zote, moja baada ya nyingine. Siku hiyohiyo pima mnyororo kwa rula: kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake, mpya huwa milimita 305. Ukikuta umezidi kwa milimita moja na nusu hivi, ubadilishe kabla haujaanza kula meno ya gia ulizozing'arisha.