Kushusha mlingoti wa yoti kwa kreni: kazi yenyewe iko siku moja kabla

Wadau wa boti huku pwani, msimu wa kutoa yoti nje ya maji ukikaribia swali ninaloulizwa sana ni la kreni, itoke wapi, ya tani ngapi, kwa saa bei gani. Mi najibu hivi, kreni ina kazi fupi tu, kazi yenyewe inafanyika siku moja kabla. Kreni inalipwa kwa saa, na pesa ikianza kuhesabiwa watu wanaanza kukimbizana, hapo ndo vidole vinabanwa.

Kwa hiyo jana yake matanga yote yashatoka, na bumu, ule mti wa chini wa tanga, ushashuka. Nyaya za umeme pale kwenye kitako cha mlingoti tenganisha zote, ya taa ya kileleni, ya antena ya redio, kila moja iwekee utepe na namba. Antena na kile kishale cha upepo vitoe mapema maana ndo vya kwanza kuvunjika. Halafu njoo kwenye zile skrubu za kukazia nyaya za chuma zinazoushikilia mlingoti, na hapa nawaomba msiwe na haraka: kabla hujalegeza hata moja pima kwa rula nyuzi za skrubu zinazoonekana, andika kwenye utepe, bandika hapohapo kwenye skrubu yake. Toa kota pini, vile vipini vya kukunja vinavyozuia skrubu isijifungue, pulizia mafuta, zungusha kidogo uone inakwenda. Kama imekwama we unataka ujue leo, sio kesho kulabu ikining'inia kichwani. Bolti za kitako nazo hivyohivyo, alumini na stenlesi vikikaa pamoja kwenye chumvi vinatoa unga mweupe na bolti inashika kama imechomelewa.

Kama mlingoti wako unapita kwenye deki mpaka chini kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti, toa ule mpira wa kuzuia maji, gonga kabari zitoke na uziandike namba ipi mbele ipi nyuma. Na tafadhali ingia ndani na tochi uangalie kama kuna fimbo ya chuma inayovuta deki na mlingoti pamoja, boti nyingi zinayo, ukiisahau kreni itaanza kuinua boti nzima.

Sasa kreni. Uzito sio tatizo, mlingoti wa alumini wa yoti ya futi 40 hata lori la kreni la kawaida linaubeba, tatizo ni urefu. Kulabu lazima ifike juu kabisa ya pale utakapofunga slingi, yaani mkanda wa kuinulia, na mlingoti unaoingia mpaka kwenye mkuku utahitaji tena kama mita 2 za kuuchomoa. Bamvua, yaani siku za maji makubwa, huku kwetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo hesabu ya asubuhi sio ya mchana, chagua maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, na piga kazi asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka. Mi kipindi nachokipenda ni matlai, Oktoba na Novemba, kusi limechoka na kaskazi halijaanza. Angalia pia waya za umeme juu ya gati, na miguu ya kreni ikae kwenye mbao nene, mbali na ukingo.

Slingi iwe ya kitambaa, na ifungwe juu ya nusu ya mlingoti, kawaida chini ya ile mikono ya pembeni inayotanua nyaya, ila kama mikono yenyewe iko chini ya nusu basi slingi ipande zaidi. Kutoka kwenye slingi shusha kamba uifunge kwenye kitako ili slingi isiteleze kwenda juu, na ndo kamba hiyohiyo utakayovutia slingi ishuke siku ya kurudisha. Niliwahi kuona slingi imefungwa chini mno, pini ya mwisho ilipotoka kilele kikaanguka na kitako kikaruka juu, kijana aliyekuwa amekishika akatupwa majini. Alipona, lakini ingekuwa gati badala ya maji tungekuwa tunasema mengine.

Kreni ivute mpaka slingi ikaze tu, isizidi. Hakuna pini ya waya inayotoka kabla kulabu haijaubeba mlingoti, hata moja, hata kama mwenye kreni anaangalia saa. Anayempa ishara dereva awe mmoja, ila neno "simama" ni la kila mtu. Na chini ya mlingoti hapakai mtu.

Mlingoti ukishalala kwenye vibao, futa kila waya kwa kitambaa mpaka juu, kitambaa kikinasa kuna uzi umekatika, huo waya usirudi. Badilisha taa na nyaya za ndani sasahivi, kupanda juu baadaye ni taabu bure.

Kurudisha ni kinyume chake, mtu mmoja anaangalia kitako kinavyoingia na mikono isipite chini yake. Kreni haiachii mpaka nyaya zote ziwe zimefungwa na kukazwa kwa mkono, ndipo unarudi kwenye zile namba za utepe. Kota pini weka mpya, zikunje, zifunge utepe zisichane tanga wala mguu wa mtu, na baada ya kutoka baharini mara ya kwanza kagua tena, maana nyaya mpya zinanyooka na zitahitaji kukazwa.