Uliza Tujibu: Korona, daraja la Mtwapa na magavana sita wa Pwani

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kuhusu vile kaunti zetu sita za Pwani ya Kenya (Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta) zilivyojaribu kupambana na korona kwa pamoja, basi nikajitafutia, meseji zimemiminika mpaka simu ikajaa. Nimechagua chache. Nyingine zilikuwa matusi kwa wanasiasa, hizo nimezisoma nikacheka nikaziacha hukohuko.

*

*Mwalimu hujambo. Mimi nakaa Mtwapa na 2020 nilikuwa nashona nguo kwa mtu pale Bombolulu. Walipofunga nikakaa nyumbani miezi mitatu bila senti, na huku dada yangu wa Ongata Rongai alikuwa anaenda kazini Nairobi tauni kila siku kama kawaida, ati si nao walifungiwa? Na Joho na Kingi walikuwa chama kimoja, walishindwa nini kukaa chini wafungue daraja? – Mama Riziki, Mtwapa*

Sijambo Mama Riziki, pole sana. Hili swali lako nimeulizwa na watu wengi na hakuna aliyeliuliza vizuri kama wewe.

Kwanza tuwatoe magavana kwenye hili moja, daraja hakulifunga Joho, gavana wa Mombasa wakati huo, wala Kingi wa Kilifi. Amri ilitoka kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 6 Aprili 2020, wakati huo nchi nzima ina wagonjwa 158 waliothibitishwa, wengi wako Nairobi na kati ya waliobaki sehemu kubwa wako Mombasa, Kilifi na Kwale. Nairobi ikafungwa jioni hiyohiyo saa moja, sisi tukaongezewa siku mbili tukafungwa Jumatano tarehe 8. Polisi ni wa serikali kuu. Gavana ana kanjo, yaani askari wa kaunti, wa kukufukuza na mkokoteni wako sokoni lakini rodibloku barabarani si yake, hawezi kuiweka na hawezi kuitoa.

Sasa la dada yako. Nairobi haikufungwa kama kaunti, walifunga walichokiita eneo la jiji la Nairobi, na mstari wakauchora mpaka daraja la mto Chania kule Thika, wakaingiza Athi River ambayo ni Machakos, wakaingiza Kitengela, Rongai, Kiserian na Ngong ambazo zote ni Kajiado. Yaani mtu alikaa akaangalia watu wanalala wapi na wanafanya kazi wapi, akafuata njia ya matatu. Kwetu hakuna aliyefanya hivyo. Mombasa kivyake, Kilifi kivyake, Kwale kivyake. Kwa hivyo wewe wa Mtwapa, ambayo ni Kilifi, kisheria ulikuwa huru kupanda gari mpaka Malindi, kutwa nzima kwenda na kurudi, lakini Bombolulu, ambayo ni Mombasa, hapo mbele tu ukishavuka daraja ilikuwa marufuku. Mtu wa Likoni alipanda feri akaingia kisiwani kwa sababu Likoni ni Mombasa, na jirani yake wa Ng'ombeni akarudishwa kwa sababu Ng'ombeni ni Kwale. Virusi wenyewe sidhani walijua Ng'ombeni iko kaunti gani.

Halafu kibaya zaidi, Kilifi na Kwale zilifunguliwa tarehe 7 Juni, watu wakashangilia, lakini Mombasa ikabaki imefungwa mpaka 7 Julai saa kumi alfajiri. Kwa hivyo mtu wa Mtwapa alifunguliwa akaende kokote isipokuwa kule anakopata riziki. Miezi mitatu uliyosema ni kweli kabisa hukuzidisha.

Hapo ndipo mimi nawauliza magavana, siyo kwamba walifunga, ni kwamba Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo, ofisi ipo, wanaijua Mtwapa, Mariakani na Ng'ombeni kuliko mtu yeyote wa Nairobi, na kazi yao kubwa siku ile ilikuwa kwenda wote sita na ramani moja mkononi waseme tufungieni hivi, siyo hivyo. Kuwa chama kimoja hakusaidii kitu kama kila mtu anahesabu kaunti yake.

*

*Salaam mwalimu. Nilichukuliwa sampuli Hola mwaka huohuo nikawekwa karantini, majibu nikayangoja mpaka nikahisi nimesahaulika. Tana River nzima hakuna maabara? – H., Hola*

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Maabara za kupima malaria na choo zipo, hiki kipimo cha korona mwanzoni kilikuwa ni PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kinataka mashine yake, dawa zake na watu waliosomea. Pwani nzima, kaunti zote sita, tegemeo letu lilikuwa maabara moja ya KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, pale Kilifi, ile inayoshirikiana na shirika la Uingereza la Wellcome Trust, iko tangu 1989 imepakana na hospitali ya kaunti. Haikujengwa kwa ajili ya kupima watu foleni, ilijengwa kwa utafiti wa malaria na magonjwa ya watoto, ikabidi igeuzwe.

Hebu fuata hiyo pamba yako ya sampuli. Inaingizwa puani mpaka machozi yanakutoka, inavunjwa kijiti inatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji maalum, kichupa kinaandikwa jina na namba, kinafungwa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya chombo kingine, kisha ndani ya kasha lenye barafu. Kasha haliondoki na mtu mmoja, linangoja wenzako mjae kidogo. Likiondoka lipite Garsen, Malindi, lifike Kilifi, na huko likute makasha ya Mombasa ambayo ndiyo mengi, ya Kwale, ya Lamu, na ya Taita Taveta yaliyoshuka Voi. Gari la kutoka Voi kabla ya kuingia Kilifi lazima lisimamishwe kwenye vizuizi na dereva aonyeshe karatasi. Na kama namba kwenye kichupa haifanani na namba kwenye fomu, basi umekwisha, unarudi kuchukuliwa upya. Zaidi ya hapo dawa za kupimia dunia nzima ilikuwa inagombania, sisi tulikuwa mwisho wa foleni.

Hapa ndipo ushirikiano ulifanya kazi kweli bila kamera ya TV hata moja. Yule wa maabara Kilifi, yule afisa wa kufuatilia magonjwa Hola, dereva wa kasha, wale walikuwa wanapigiana simu usiku wa kafyu. Na kazi yao imeacha kitu, maana sampuli hizohizo baadaye zilisomwa vinasaba, ikaonekana korona haikuingia Pwani mara moja, iliingia mara nyingi tena kwa njia tofauti, na mlango mkubwa ulikuwa Mombasa. Kwa hivyo kuzifunga kaunti moja moja kama visiwa ilikuwa ni kujidanganya kidogo, virusi vilikuwa vinafuata njia zilezile za bidhaa na ndugu.

*

*Mimi dereva wa trela, napiga Mombasa, Taveta, Holili, Arusha. Mei 2020 tulilala mpakani hatujui kesho. Kenya wanapima, ng'ambo wanakataa, gavana anasema lake, mkuu wa mkoa anasema lake. Pale bosi alikuwa nani? – Dereva, Voi*

Mzee wa barabara, bosi walikuwa wengi, ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Tarehe 16 Mei 2020 Uhuru alifunga mpaka wa Tanzania na wa Somalia kwa watu, mizigo ikaachwa ipite ila dereva apimwe na akikutwa nayo arudi. Wakuu wa mikoa ya mpakani upande wa Tanzania nao wakajibu mapigo wakazuia malori ya Kenya kuingia, maana kila upande ulikuwa hauamini vipimo vya mwenzake. Siku chache tu foleni imekuwa kilomita na kilomita. Na kabla ya hapo, tarehe 12 Mei, marais wa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini walikutana kwa video kuzungumzia mambo hayahaya, Tanzania na Burundi hazikuwepo. Ilibidi Magufuli na Uhuru waongee wenyewe kwa simu ndipo mawaziri wa uchukuzi na wakuu wa mikoa wakakutana Namanga wakaelewana. Cheti kinachotumika siku 14 na ule mfumo wa kumfuatilia dereva kwa simu vilikuja kutulia baadaye, kwa mwendo wa kobe.

Lakini tazama njia yako wewe mwenyewe. Unatoka bandarini, hiyo Mombasa. Mazeras, Mariakani kwenye mizani, hiyo Kilifi. Samburu, Taru, Mackinnon Road, ushaingia Kwale. Voi, Mwatate, Taveta, hiyo Taita Taveta. Kaunti nne kabla jua halijazama, na mpakani pale gavana hana mamlaka yoyote, forodha ni ya serikali kuu, afya ya mpakani ni ya serikali kuu, lakini ukikutwa na korona Taveta kitanda unachopewa ni cha kaunti na chakula ni cha kaunti na mama mboga aliyekupikia Voi wa kutafutwa apimwe ni wa kaunti. Ndiyo maana gavana wa Taita Taveta alikuwa anapiga kelele, mimi simlaumu. Ambacho hakikuwa sawa ni vile nyinyi madereva mlifanywa kama nyinyi ndio ugonjwa, mpaka mtu akiona trela anafunga kibanda. Mchele waliokula wakiwa wamejifungia uliletwa na nani sijui.

*

*Mwalimu, Lamu tuliambiwa lazima tuwe na vitanda 300. Sisi na Kilifi tuko sawa kweli? – Bin Ali, Lamu*

Hapana, na umenichokoza. Juni 2020 Rais aliwaambia magavana kila kaunti iwe na vitanda visivyopungua 300 vya kutenga wagonjwa. Sensa ya 2019 inasema Lamu watu 143,920, Kilifi 1,453,787, karibu mara kumi, idadi ya vitanda ileile. Mombasa walitumia chuo kikuu cha ufundi cha TUM wakapata nafasi haraka, sasa kaunti ndogo ikatafute 300 wapi na wauguzi wa kuvilinda je? Kitanda bila oksijeni ni kitanda cha kulala tu. Mgonjwa wa Faza, kule visiwani Lamu, akizidiwa bado ni boti, kisha barabara mpaka Mombasa, kwa hivyo kilichohitajika kwa watu wa Lamu ilikuwa makubaliano ya maandishi na Mombasa, ni vitanda vingapi vya wagonjwa mahututi pale Coast General, hospitali kuu ya rufaa Mombasa, ni vyetu, nani anatuma ambulensi na nani analipa. Hilo ndilo ningetaka magavana walirudie hata leo ambapo korona imetulia.

*

*Pesa za korona za kaunti zilikwenda wapi? – Msomaji, Ukunda*

Kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 5 za masharti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifanya ukaguzi maalum. Ripoti ziko wazi kwa umma, tafuta ya Kwale uisome mwenyewe, halafu umuulize MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, kwa ukurasa. Sitajibu zaidi, nina watoto.

*

*Je, ikija nyingine tumejifunza? Nasikia mpox. – Nuru, Kisauni*

Nuru mwanangu, imeshakuja. Mgonjwa wa kwanza wa mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, Kenya alitangazwa 31 Julai 2024, na alikutwa palepale Taveta mpakani, msafiri aliyetoka Uganda anakwenda Rwanda kwa kupitia Kenya. Safari hii walimnasa mlangoni, hilo niwape maua yao, watu wa afya ya mpakani walikuwa macho. Hakuna aliyefunga daraja wala kaunti na sioni sababu ya kufanya hivyo, mpox inapita zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na siyo kwa kupishana feri. Ukiona vipele vya majimaji vinavyouma pamoja na homa na mitoki imevimba, nenda zahanati iliyo karibu, na kama umepimwa Kisauni, hiyo Mombasa, lakini unalala Mtwapa waambie tangu mwanzo, waandike namba yako ya simu na mahali unapolala, kwa sababu anayetakiwa kuwafuata watu wa nyumbani kwako ni afisa wa Kilifi na hawezi kukujua kama hakuna aliyempigia simu.