Barua kwa mwanangu: deni linalopiga kelele na deni linalokula

Mwanangu,

Salamu nyingi za hapa Muheza. Sisi hatujambo, mguu wangu umepungua kuvimba, na machungwa yameanza kushuka bei kama kawaida yake yanapoiva yote kwa mpigo. Sauti zako zote nne nimezisikiliza. Ungeweza kunipigia, lakini najua kwa nini ulituma sauti: hukutaka nikuulize kitu katikati. Na mimi nakujibu kwa barua kwa sababu hiyo hiyo. Nimeandika kwenye daftari, binti wa jirani ataipiga picha akurushie.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, yule bwana wa mtaani kwenu aliye tayari kukupa milioni mbili na nusu kwa kushika kadi ya pikipiki, ili uwalipe wote ubaki na deni moja: umkubalie au umwache? La pili, nikisema umwache, tuuze kile kipande cha shamba cha marehemu baba yako? Halafu mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, ukasema mkeo asijue.

Kwanza nikwambie usilolijua. Madeni yako niliyajua kabla hujaniambia. Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki, simu ikaita kidogo, kumbe ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Unasema mimi ni mdhamini wa mtu fulani, majina yako yote matatu yapo, ni tapeli, na asipolipa ndani ya saa mbili watanitangaza na mimi. Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Dada aliyekaa pembeni yangu akachungulia, akasema, "Hao wa mikopo ya simu, mama. Mimi walinitumia wa shemeji yangu." Tukacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka. Nikanyamaza nikikusubiri uje mwenyewe, na umekuja, kwa hiyo hilo tumelimaliza.

Nimeyaandika yote uliyoyataja, nikayajumlisha mara mbili. Wewe ulisema "kama milioni mbili hivi, sijui." Usiseme tena sijui. Ni 1,927,000. Kausha damu, wale wa mikopo ya rejesho la kila siku, wamebaki na 360,000 zao, yaani siku kumi na nane za 20,000. Programu ya kwanza ya simu 150,000, ya pili 90,000. Lile la kwenye laini ya simu, linalokatwa kila fedha ikiingia, 60,000. Kikoba cha mkeo, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, 640,000. Kodi ya miezi miwili 240,000. Mangi wa dukani 87,000. Shemeji yako 300,000.

Kisha nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia, nikapigia mstari yale yanayozaa. Ni manne tu: kausha damu, programu mbili na laini. Jumla yake 660,000. Shemeji hadai riba, Mangi hadai riba, mwenye nyumba anataka kodi yake tu. Kikoba riba yake ilipangwa siku ile ile mlipokopa, na kwenye mgao wa mwisho wa mwaka sehemu yake inamrudia mkeo. Kwa hiyo karibu theluthi mbili ya kinachokunyima usingizi haiongezeki hata ukilala mpaka saa nne. Inakuaibisha, inakufanya upite uchochoro wa nyuma usionane na Mangi, lakini imekaa pale pale.

Na wewe umekuwa ukimlipa nani? Umesema mwenyewe. Shemeji alikusema mbele za watu msibani, ukampa 50,000. Jioni ukaingia kwenye simu ukachukua 50,000 nyingine ili upate rejesho. Yaani umelipa deni lisilokula kwa deni linalokula kuliko yote, kwa sababu lile la kwanza lina mdomo. Mwanangu, hapo ndipo ulipopotea, na hapo ndipo nilipopotea mimi.

Tazama hiyo programu. Unasema umekopa 150,000. Nikakusikia ukisema iliyoingia ni 105,000, nyingine walikata mbele wakaiita gharama. Basi ulikopa 105,000, ukaambiwa urudishe 150,000 baada ya siku saba. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita: 45,000 juu ya 105,000, zaidi ya asilimia 40 kwa wiki moja. Na kwa nini uliifuata? Kwa sababu pikipiki inakuletea 18,000 kwa siku ukishatoa mafuta, na rejesho la kausha damu ni 20,000. Kila asubuhi unaamka umeshapungukiwa 2,000 kabla watoto hawajanywa chai. Hapo hata mtu mwenye nidhamu ya jeshi angekopa.

Sasa bwana wa kadi. Umesema anataka asilimia 20 kwa mwezi, ukasema upesi upesi kama mtu anayemeza dawa chungu. Asilimia 20 ya milioni mbili na nusu ni 500,000. Wewe ukifanya kazi siku ishirini na sita bila kuumwa, bila pancha, bila mvua, unapata 468,000. Hata mkifunga kula mwezi mzima hamfiki kwenye riba, na milioni mbili na nusu yake haijaguswa. Mwezi wa pili pikipiki ni yake. Halafu utawalisha watoto kwa kuendesha nini?

Afisa maendeleo ya jamii alipokuja kwenye kikundi chetu alitueleza kwamba tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu wa kukopesha namna hiyo lazima awe na leseni, na riba yake isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo huo ingekuwa 87,500. Muulize leseni yake iko wapi. Utaona atakavyocheka.

Sisemi kukopa ili kufuta deni ni kosa. Mimi ndivyo nilivyopona. Nawe umekuwa mtu mzima, nikusimulie.

Mwaka 2015 baba yako alipolazwa, nilikopa 400,000 kwa mkopeshaji mmoja pale mjini. Dhamana ilikuwa kadi yangu ya benki, na namba ya siri niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye kikaratasi. Siku ya mshahara tulikuwa tunakutana naye kwenye mashine ya kutolea fedha. Alikuwa na bahasha kubwa ya kaki, kadi zimo humo zimefungwa kwa mipira, kila moja na kikaratasi chake. Walimu tulisimama kwenye mstari tukijifanya hatujuani. Mwalimu niliyekuwa nakaa naye dawati moja ofisini alikuwa watu wawili mbele yangu, na hakugeuka. Zamu yako ikifika, bwana anaingiza kadi, anabonyeza, anahesabu zake, zilizobaki anakupa, kadi inarudi kwenye bahasha. Kila mwezi 80,000 ya riba. Miezi kumi na minne nikawa nimelipa 1,120,000, na deni langu bado 400,000 ile ile.

Methali ya harusi na matanga sikuandikii. Niliifundisha miaka mingi, ubaoni kwa chaki, na jioni yake nikaenda kukopa.

Wenzangu wengine walikwenda benki wakasema kadi imepotea, wakapewa mpya. Yule bwana akawafuata shuleni, akawadai mbele ya wanafunzi. Miaka ya baadaye TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, iliwaandama wakopeshaji wa aina hiyo, na wapo walimu na wastaafu waliorudishiwa kadi na hata fedha zao. Mimi sikusubiri huko. Siku moja nilimwambia baba yako. Alikuwa ameshapata nafuu, amekaa barazani anamenya chungwa. Nilijiandaa kwa kelele. Akaniuliza tu, "Kiasi gani?" Nikamwambia. Akamaliza kumenya, akasema, "Lete daftari." Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye SACCOS ya walimu, nikaomba 400,000 kwa riba ndogo ya kukatwa mshaharani, nikaikomboa kadi yangu. Mkopo wa kufuta mkopo unafaa pale unapokuwa rahisi kuliko ule unaoufuta. Wa bwana wa kadi ni ghali kuliko kikoba, Mangi, shemeji na mwenye nyumba wote kwa pamoja, maana hao wamekupa karibu bure.

Shamba haliuzwi. Kwanza ni lenu watatu, na dada zako hawajakopa. Pili, machungwa ya pale ndiyo yanayonisaidia nisiwe mmoja wa watu unaopaswa kuwalisha. Usinune.

Nitakachofanya ni hiki. Nina 210,000 ya machungwa. Hizo ni 60,000 za laini na 150,000 za programu ya kwanza, wala si shilingi moja zaidi. La laini lazima liishe kwa sababu kila abiria akikutumia nauli inakatwa kabla hujaiona, na ukilimaliza ujitoe kwenye huduma hiyo siku ile ile, maana ukiacha mlango wazi kesho utaingia tena. Programu ya pili, uza sabufa. Najua unaipenda, na najua uliinunua bei gani, lakini 90,000 haikosi. Na uangalie kama programu hiyo imo kwenye orodha ya zile 69 ambazo Benki Kuu ilizitangaza Novemba 2024 kwamba zinakopesha bila leseni. Sikwambii usilipe, fedha yao ulikula. Ila ujumbe wao wa matusi usiufute. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko. Wa kwangu nimeuhifadhi, upo.

Kausha damu uwaendee wewe, kabla hawajakujia, na siku ambayo umelipa, si siku uliyokosa. Mtu aliyetoka kupokea 20,000 yako anasikiliza vizuri kuliko anayekutafuta. Omba 10,000 kwa siku thelathini na sita badala ya 20,000 kwa kumi na nane. Fedha ni ile ile. Watakataa kwanza, halafu watakubali, kwa sababu hawana haja na godoro lako, wanataka fedha yao. Wakikubali iandikwe, na mjumbe awe shahidi. Ukibaki na 8,000 kwa siku, pamoja na vitumbua vya mkeo, mtakula. Kwa shida, lakini mtakula bila kukopa, na hicho ndicho ninachokitafuta kabla ya kingine chochote.

Mangi mpelekee 5,000 kila Jumamosi, ukipita mlango wa mbele. Mwenye nyumba mwambie tarehe ambayo unaiweza, hata ikiwa mbali, kuliko kumwambia "kesho mama". Shemeji atangoja. Akisema tena msibani, mwache aseme.

Watoto waje huku shule zikifungwa mwezi wa Juni. Wakija, hiyo ni bakuli mbili pungufu hapo kwako, na mimi nitapata wa kunisomea vikaratasi vya dawa. Gunia la mahindi nitalipakia kwenye lori la machungwa linalokuja Dar, nimeshaongea na dereva. Ulifuate wewe mwenyewe sokoni, usimtume mtu.

Limebaki la mkeo. Kwenye hesabu yangu yote utaona yumo: vitumbua ni vyake, kikoba ni chake, na atakayeomba kikoba kimwongezee muda ni yeye, maana jina lililo kwenye kitabu ni lake na hisa ni zake. Umeniomba nisimwambie. Sitamwambia. Lakini ile 210,000 sitaituma kwenye laini yako. Naituma kwenye ya kwake, Jumamosi baada ya magharibi, na akinipigia kuuliza hii ni ya nini nitamjibu akuulize wewe.

Leo ni Jumanne.

Mama yako