Hiyo Jazz Bass ni ya 1964 kweli?

Mkuu, hiyo Jazz Bass (gitaa la besi la Fender) muuzaji anayokuambia ni ya 1964 mi naitilia shaka kwa picha tu. Angalia shingo, ina alama za mstatili na sio vidoti, Fender walianza kuziweka kama 1966 hivi. Alafu igeuze, ile sahani ya nyuma inayofunga shingo kwenye mwili ikishikwa na skrubu tatu badala ya nne ujue ushaingia miaka ya sabini, mwambie muuzaji akutumie picha ya karibu ya hapo na ya pikapu (kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya nyuma pia maana kwenye za sabini waliisogeza karibu zaidi na briji (pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili), sauti ikawa kali kidogo. Zile za mwanzo kabisa za 1960 zilikuwa na nobu za kupandana, moja juu ya nyingine, bei yake usiulize. Rangi isikudanganye, watu wanapiga upya kila siku.